Ghorofa ya Kiongozi

Sote tulimwita Kiongozi. Mke wangu alimwita hivyo, na hata wauza ndizi wa stendi ya Jinja, ambao hakuwahi kuwaongoza mahali popote. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini sitaliandika, maana yeye mwenyewe hakulipenda. Alisema ni jina la mtu mnene, na yeye alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe.

Mimi nilikuwa dereva wake. Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa moja: kuchukua watu asubuhi Jinja, kuwazungusha mjini, kuwapeleka Mbale, kuwapandisha kwenye vijiji vya zamani vya mlimani, na kuwarudisha jioni wakiwa na matope viatuni na kahawa mifukoni. Mimi ni Mkenya wa upande wa Bungoma, mzee wa kanisa, na mtu wa kufika kwa wakati. Yeye alikuwa Mwislamu wa Jinja ambaye hakuwahi kufika kwa wakati isipokuwa kwenye swala na kwenye chakula. Tuligombana kila siku ya kazi. Siku zisizo za kazi alikuja nyumbani kwangu, tukamalizia ugomvi kwa chai.

Jambo la kwanza kumjua nalo ni kwamba alikuwa mwongo, na uongo aliufanyia bidii kuliko kazi yenyewe. Pale mto Nile unapotoka ziwani aliwaambia wafanyabiashara kwamba tone la maji likiondoka hapo hufika Misri upesi, kabla mtu hajamaliza kuuza gunia la sukari. Safari iliyofuata wakaja walimu, na tone lilelile likachukua muhula mzima. Nilipomshika garini akajibu bila aibu, "Dereva, hata maji inajua watu. Mwalimu iko na subira, bwana. Wacha angoje."

Pale Main Street ndipo alipozidi. Unayajua yale maduka ya Wahindi, yenye jina la mwenyewe na mwaka vimechorwa juu kabisa, kwenye kipaji cha nyumba. Wenyewe walikuwa wamefukuzwa nchini zamani, rangi imebambuka, na humo ndani kila mtu anauza chochote alichopata. Kiongozi alikuwa na hadithi ya kila kipaji. Huyu alipima vitambaa kwa mkono wa mkewe, akafilisika alipooa mke wa pili mwenye mikono mirefu. Yule alikuwa na kasuku aliyewafokea wadeni kwa lugha nne. Watu walicheka, wakainua macho, na nadhani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi wakauona mji wao. Mimi nilisimama kando nikiomba Mungu amsamehe, halafu aharakishe, kwa sababu barabara ya kwenda Mbale wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo.

Mbale kwenyewe kuna mnara wa saa, na saa yake miaka ile haikukubaliana na saa ya mtu yeyote. Kiongozi alisema imenuna. "Wakati ya vita watu ya bunduki walikuja kuiuliza saa ngapi bila salamu," aliwaambia wageni, uso mkavu kabisa. "Tangu siku hiyo imekataa kuongea." Alisema pia kwamba zamani Mbale ilikuwa safi hivi kwamba watu walivua viatu wakiingia mjini. Siku moja mama mmoja wa Mbale, muuza jumla wa chumvi, alikuwa akipita akamsikia. Nikajua leo atatolewa jasho. Yule mama akasimama, akaweka mkono kiunoni, akasema, "Hiyo si uongo. Mimi mwenyewe nilivua."

Wageni wetu wa mwanzo hawakuwa Wazungu. Hilo lilikuwa wazo lake, na nilipolisikia nikadhani jua limempiga. Vita vilikuwa vimepita, serikali zimepokezana viti, na kila moja ilikuwa imeweka vizuizi vyake barabarani. Watu wa Jinja walikuwa wamejifunza kukaa. Mtu aliweza kumaliza miaka bila kwenda Iganga, seuze mlimani. "Wazungu watakuja baadaye," aliniambia. "Kwanza tufundishe wenyewe kutembea." Basi abiria wetu wakawa akina mama wa soko, mafundi cherehani, wauguzi na watu wa msikitini kwake.

Safari ya kwanza kabisa nusura iwe ya mwisho. Tulisimama karibu na bwawa la umeme, Kiongozi akaruka chini, amevaa kofia mpya, akaita kwa sauti ya kujigamba: "Haya, shukeni wote! Upande huu!" Sijachomoa ufunguo, abiria wote walikuwa wameshuka na kupanga mstari kandokando ya barabara. Vitambulisho na tiketi za kodi vilikuwa mikononi. Mama mmoja alikuwa amekwisha kaa chini, miguu ameinyoosha, na kikapu chake amekifunua kipekuliwe. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Kwa Kiswahili, kwa sauti ile, kando ya barabara, maneno yale katika Uganda ya miaka ile yalikuwa na maana moja tu: askari wa kizuizi.

Kiongozi aliwatazama, akavua kofia, akaenda kukaa chini karibu na yule mama. "Mama zangu," akasema polepole, "tumekuja kuangalia maji tu."

"Sasa afande," yule mama akamjibu huku anafunika kikapu, "si ungesema?"

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na wengine machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Mimi nilijifanya natazama gurudumu.

Tangu siku ile hakusema tena "shukeni". Alisema, "Tafadhalini, miguu imechoka kukaa." Kiswahili chake akakishusha sauti, kikawa cha jirani anayekuja kuomba chumvi. Kulikuwa na watu waliomshauri aongoze kwa Luganda au Lusoga, lugha ambazo hazikumfokea mtu. Alikataa katakata. "Hii lugha ilipigia watu kelele sana," alisema. "Wacha sasa iwasalimie." Na palipokuwa na kizuizi kibaya kuliko vyote katika barabara ile, ndipo alipotaka tusimame kila safari kula gonja, zile ndizi za kuchoma. Alichagua mahali palepale makusudi, akawa anagawa ndizi na kuuliza nani hajashiba.

Usidhani basi alikuwa jasiri. Mfukoni, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, alibeba vitambulisho vyake vyote, miaka mingi baada ya vizuizi kuondolewa, na hakuenda hata chooni bila mfuko ule. Aliogopa maji, mtu wa Nile mzima. Aliogopa urefu vilevile, na kule juu ya majabali ya Wanale, wageni walipokuwa wakishangaa Mbale iliyotandazwa chini, yeye alisimama amelipa bonde mgongo, akiwatazama wao. Wageni walidhani ni adabu. Watu walimwita Hajji, naye akaitika, ingawa kwa upande wa nje ya nchi aliishia Busia, mpakani.

Ajabu yake nyingine ni hii: uongo wake haukupanda mlima. Gari lilipofika pale linaposhindwa, tukaanza kutembea kwa miguu kati ya migomba na kahawa, Kiongozi alikuwa mtu mwingine. Alionyesha mapango na kusema watu walijificha hapa na mbuzi wao. Alionyesha kijia na kusema hapa kahawa ilipita kwa magendo kwenda Kenya, migongoni mwa watu na punda. Sentensi fupi, kweli tupu. Wageni waliniuliza kama anaumwa.

Mwisho wa kijia kile kulikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane, ambaye Kiongozi alimwita Mayi, yaani mama kwa lugha ya huko. Mimi nami nikamwita hivyo, maana Kimasaaba na lugha ya kwetu ni ndugu na tulielewana naye vizuri. Desturi yake ilikuwa ngumu: hukatizi ua wake bila kula malewa. Hayo ni machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yakapikwa na karanga za kusaga. Ukimsalimia "Mulembe" ataitika, lakini zaidi ya hapo hasemi neno mpaka mkono wako uguse sahani. Nilimwona akimnyamazia ofisa mmoja mkubwa wa Jinja aliyedai tumbo lake halitaki moshi. Ofisa alisimama, akakaa, akasimama tena, mwishoni akala, na akaongeza.

Siku moja tulipasukiwa gurudumu tukirudi, na tukingoja fundi Kiongozi akanieleza kwa nini mlimani hadanganyi. Jeshi la serikali iliyoanguka lilipokuwa likikimbia kuelekea mashariki, na yeye alikimbia, kwa miguu, mpaka akajikuta mlimani. Mgeni, Mwislamu, anasema Kiswahili, lugha ya askari: watu walimwona ni askari aliyetupa sare. Walikuwa wamekwisha mzunguka na mapanga. Mayi akatoka nyumbani kwake, akapita katikati yao, akamshika mkono, akasema huyu ni mwanangu, nani ana neno? Akamficha katika stoo yake ya malewa, na humo alikaa mpaka mambo yakatulia. Mume wa yule mama alikuwa ameshuka na kahawa yake miaka ile ya taabu na hakurudi.

"Sikuwa na kitu ya kumpa," Kiongozi alisema. "Anakula kidogo ili mimi nikule. Basi nikampa hadithi."

Alimwambia kwamba Jinja ana ghorofa. Iko Main Street, ina ngazi za mawe, ina baraza ya kunywea chai, na juu kwenye kipaji kumechorwa jina la baba yake. Kila jioni aliiongezea chumba. Mama yule alipenda sana habari za ghorofa ile, na aliwasimulia majirani kijiji kizima, wakaacha kumwinda, kwa sababu mtu mwenye nyumba kubwa vile hawezi kuwa askari mtoro. Kweli yenyewe ni kwamba alikuwa mbeba magunia wa duka moja la mtaa ule.

"Sasa kila safari namwambia, Mayi, njoo uone Jinja," akasema. "Na kila safari naomba Mungu, mama akatae. Siku ataona, atajua alisimama mbele ya panga kwa sababu ya mwongo. Dereva, mimi sina mama mwingine."

Nikamwambia, kama mzee wa kanisa, kwamba dawa ya uongo ni kuutubu. Akaniambia dawa hiyo niimeze mimi kwanza. Tuligombania hilo mpaka Iganga.

Mayi alikataa miaka na miaka. Jibu lake lilikuwa, "Huko chini watu wanashuka, hawapandi." Halafu safari moja, wageni wakiwa wamekula, wameaga, tumeshuka mpaka kwenye gari, tukamkuta amekaa kiti cha mbele. Amevaa nguo ya kanisani, ana kuku ndani ya kikapu. "Leo nakwenda kuona nyumba ya mwanangu," akasema.

Kiongozi aligeuka rangi. Njia nzima hakusema hata tone lilifika wapi. Tulipokaribia Jinja akaninong'oneza, "Alale kwako. Kwangu kuna wageni." Kwake kulikuwa na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya msikiti, na mgeni pekee niliyewahi kumwona humo ni paka. Mayi akalala kwangu, na mke wangu akampenda mara moja.

Asubuhi Kiongozi alifika kabla ya saa. Nikajua mambo ni mazito. Akatuzungusha Jinja nzima. Tuliona mto, tukaona bwawa, reli, gati, soko, shule ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuomba kuziona, na kiwanda kilichofungwa ambacho alikielezea bomba kwa bomba. Alisema kweli tupu siku ile, na ilichosha kupita kiasi. Mayi alitazama yote kwa adabu, kikapu mapajani. Kila tulipoliacha jambo moja aliuliza, "Na nyumba?"

Mwisho mji ulituishia. Nikaingia Main Street bila kuambiwa, nikazima gari.

Kiongozi alishuka, akamsaidia mama kushuka, akamsimamisha mbele ya ghorofa moja iliyochakaa. Chini walikuwa wanauza misumari na mabati. Akavua kofia. Kwa Kimasaaba chake cha kuvunjikavunjika, alichojifunzia stoo, akasema, "Mayi, nyumba ni hii. Haijawahi kuwa yangu. Nilikuwa nabeba magunia ya mwenyewe, na nililala nyuma, katika stoo."

Mayi aliinua macho kwenye kipaji. "Hayo maandishi yanasemaje?"

Kiongozi akasoma jina la Mhindi, na mwaka.

"Si baba yako?"

"Si baba yangu."

Nikatazama usukani. Mzee wa kanisa mzima nilikuwa natamani awe amedanganya hata hapo.

"Kwa hiyo hapa ulilala stoo," Mayi akasema.

"Ndiyo, Mayi."

"Na kwangu ulilala stoo."

"Ndiyo."

"Mwanangu," akasema, na mabega yakaanza kumtikisika, "kumbe hukuhama!"

Alicheka mpaka akakaa juu ya kizingiti cha duka, na kuku akaanza kupiga kelele kikapuni. Kiongozi alikuwa analia waziwazi, kofia mkononi, mbele ya wauza mabati. Mayi alipopata pumzi akataka kuiona hiyo stoo. Wenye duka wakaturuhusu. Akaingia, akanusa, akapapasa ukuta, akatazama paa. "Yangu ina joto zaidi," akasema.

Akamshika mkono, kama nadhani alivyomshika siku ile ya mapanga. "Mimi hiyo ghorofa naiogopa miaka yote," akamwambia. "Nilisema, mtu mwenye nyumba kama hii, siku moja atachoka kupanda mlima kula malewa. Ndiyo maana sikutaka kuja kuiona." Kisha akampa kuku, akauliza wapi inapatikana chai.

Miaka ilipita. Macho yangu yakachoka na barabara, nikarudi Bungoma kwa shamba langu. Wazungu walikuja kama alivyosema, wakaja na waongozaji wenye beji. Jinja ikapakwa rangi, na baadhi ya wenye vipaji vile walirudi kuchukua maduka yao. Nikasikia Kiongozi amehamia mlimani, amejenga nyumba ndogo ukingoni mwa ua wa Mayi, ametundika kofia.

Juzi nilikwenda kumsalimu. Nilipanda kile kijia nikipumzika kila kona. Nilipofika uani nikakuta wageni wamekaa kwenye mikeka, watu wa Mbale mjini na Wakenya wawili wenye malori, sahani za malewa mbele yao. Mayi, mzee sana sasa, alikuwa amekalia kigoda katikati anawasimulia kuhusu Jinja. Mmoja wa wale wa Mbale alikuwa akitafsiri.

Alisema mto ule una upana ambao ukiita mtu ng'ambo, jibu linafika kesho. Alisema umeme wanauchota kwa ndoo. Halafu akafika kwenye nyumba ya mwanawe. Ngazi za mawe alizipanda mwenyewe, kwa magoti yake hayo hayo. Barazani alikunywa chai. Na kwenye kipaji kuna jina la baba wa mwanangu, alisema, nimelisoma kwa macho yangu. Mama yule hajui kusoma hata herufi moja.

Kiongozi alikuwa amekaa kando, akichambua kahawa kwenye ungo. Alikuwa amezeeka, amekonda zaidi, kama hilo linawezekana. Hakuinua kichwa, lakini kahawa nzima na mbovu zilikuwa zinakwenda rundo moja.

"Na hiyo ghorofa ipo kweli?" akauliza mmoja wa wale madereva, Mkenya mwenzangu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuziwa vipuri bandia.

Mayi akazungusha macho, akaniona nimesimama pale na fimbo yangu. "Dereva huyo!" akasema. "Yeye ndiye alinipeleka. Ni mtu wa kanisa, hasemi uongo. Dereva, waambie. Ghorofa ya mwanangu uliiona au hukuiona?"

Kiongozi akainua uso, akanitazama. Nilikaa mkekani, nikasogeza sahani, nikala tonge la kwanza kama desturi ya pale inavyotaka.

"Niliiona, Mayi," nikasema. "Lakini mbona hujawaambia ile ghorofa yake nyingine ya Mbale?"